Namna ya Kuandika Wasifu wa Mwanasoka wa Ugiriki Aliyegeukia Ukocha

Wasifu wa makocha waliowahi kuwa wachezaji mara nyingi huandikwa kama orodha ya klabu tupu: alichezea hii, akahamia ile, akastaafu, akafundisha nyingine, akafutwa kazi. Msomaji hufika mwisho akiwa na majina mengi kichwani, lakini hawezi kusema kama mtu huyo alikuwa kocha hodari au wa kawaida. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuandika wasifu unaojibu swali hilo. Mfano utakaotumika zaidi ni Giorgos Donis, winga wa zamani wa Panathinaikos, klabu kubwa ya Athens, kwa kuwa safari yake ina karibu kila mtego unaomsubiri mwandishi anayeshughulikia soka ya Ugiriki.

Anza na jina, kwa sababu hapo ndipo makosa huanza. Mgiriki yuleyule anaweza kuandikwa Georgios katika nyaraka rasmi na Giorgos katika magazeti. Chagua umbo moja, litaje lile lingine mara moja tu, kisha usibadilike tena. Hakikisha pia kwamba takwimu unazokusanya ni za mtu huyo na si za ndugu yake. Wana wawili wa Donis, Christos na Anastasios, nao ni wanasoka, na Christos alikuwa mchezaji wa Panathinaikos wakati baba yake akiwa kocha wa timu hiyo. Mwandishi asiyekuwa makini akiliona jina Donis katika kikosi cha miaka hiyo anaweza kuchanganya baba na mwana.

Baada ya jina, tengeneza ratiba ya miaka kwa matumizi yako mwenyewe kabla ya kuandika sentensi yoyote ya wasifu. Andika misimu kwa miaka miwili, kwa mfano 1995/96, kwa kuwa ligi huanza mwaka mmoja na kumalizika mwaka unaofuata, na ukitaja mwaka mmoja tu hutajua ubingwa uende wapi. Kumbuka pia kwamba majina ya ligi za Ugiriki yamebadilika: daraja la juu liliitwa Alpha Ethniki hadi mwaka 2006, na tangu msimu wa 2006/07 linaitwa Super League. Daraja la pili lililoitwa Beta Ethniki nalo limebadilishwa jina zaidi ya mara moja. Njia salama ni kuandika "daraja la kwanza" au "daraja la pili" na kuongeza jina la wakati ule pale tu linapohitajika.

Katika sehemu ya uchezaji, usijaribu kusimulia kila msimu. Tafuta tukio moja linaloonyesha alikuwa mchezaji wa namna gani, ulieleze kwa ukaribu, na mengine uyapitie haraka. Kwa Donis tukio hilo halina ubishi. Tarehe 3 Aprili 1996, Panathinaikos ilicheza Amsterdam dhidi ya Ajax, iliyokuwa bingwa mtetezi wa Ulaya, katika nusu fainali ya kwanza ya Ligi ya Mabingwa. Zikiwa zimebaki dakika chache matokeo yakiwa bado sare ya bila kufungana, Donis alikimbia mbio ndefu na mpira, akiwaacha walinzi nyuma, kisha akampasia Krzysztof Warzycha aliyefunga bao pekee la mchezo huo. Aya moja ya namna hiyo humweleza winga kuliko jedwali zima la mabao. Hata hivyo, usiishie kwenye furaha hiyo: Ajax ilishinda 3–0 mjini Athens katika marudiano na kwenda fainali, na wasifu unaouficha mchezo wa pili ni wa shabiki, si wa mwandishi.

Kipindi kinachoonekana kama cha kushindwa kinahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Mwaka 1996 Donis alihamia Blackburn Rovers na kuwa Mgiriki wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza, akacheza mechi 22 za ligi, kisha baada ya msimu mmoja akarejea nyumbani kujiunga na AEK, klabu nyingine ya Athens. Ukiandika hivyo tu, msomaji ataamua kwamba mchezaji alishindwa na kiwango cha ligi. Ongeza hali ya klabu yenyewe: Blackburn ilikuwa bingwa mwaka 1995, lakini katika majira yaleyale ya kiangazi alipowasili Donis ilimuuza mshambuliaji wake Alan Shearer kwa Newcastle kwa pauni milioni 15, na kabla mwaka haujaisha kocha Ray Harford alikuwa ameondoka. Winga ambaye kazi yake ni kumlisha mshambuliaji alikuta mshambuliaji mwenyewe hayupo. Huo si utetezi. Ni maelezo ambayo msomaji anastahili kupewa ili ahukumu mwenyewe.

Sasa tuje kwenye ukocha, ambako ndiko uzito wa wasifu wote uliko. Kanuni ninayoishikilia ni hii: kabla ya kuandika alichoshinda kocha, andika alichokabidhiwa. Donis aliichukua Larissa mwaka 2004 ikiwa daraja la pili, akaipandisha hadi daraja la kwanza mwaka 2005, na mwaka 2007 akatwaa Kombe la Ugiriki kwa kuifunga Panathinaikos 2–1 katika fainali iliyochezwa Volos. Larissa ni klabu ya mkoani iliyokuwa na kombe moja tu la aina hiyo, la mwaka 1985, pamoja na ubingwa wa ligi wa 1988. Msomaji akiyajua hayo, ataelewa kwa nini kombe moja la Larissa linaweza kupimwa sawa na makombe kadhaa ya timu kubwa za Athens. Miezi michache baadaye Larissa iliitoa Blackburn, klabu ya zamani ya kocha wake, katika Kombe la UEFA kwa jumla ya mabao 3–2. Hapo mwandishi hushawishika kuzungumzia kisasi. Ajizuie na aache matokeo yaseme.

Kanuni hiyohiyo hufanya kazi kwa upande wa pili, yaani kupunguza sifa zilizozidi. Traianos Dellas, beki aliyefunga bao la fedha (bao la muda wa nyongeza lililomaliza mchezo mwishoni mwa nusu ya kwanza ya muda huo) lililoitoa Jamhuri ya Cheki katika nusu fainali ya Euro 2004, aliichukua AEK mwaka 2013 ikiwa inashuka daraja, akaanza nayo upya katika daraja la tatu na kuirejesha Super League mwaka 2015. Asilimia yake ya ushindi katika miaka hiyo ni ya juu sana, lakini mechi nyingi zilikuwa dhidi ya timu ndogo zisizoweza kulinganishwa na AEK kwa uwezo. Iwapo utataja asilimia, itenganishe kwa madaraja. Vinginevyo iache kabisa.

Fainali zilizopotea nazo zihesabiwe. Donis aliifikisha Atromitos, klabu ndogo ya Athens, fainali ya Kombe la Ugiriki mara mbili mfululizo, mwaka 2011 na 2012, akafungwa na AEK kisha na Olympiacos katika dakika za nyongeza. Kwenye orodha ya mataji mechi hizo hazionekani, ingawa kwa klabu ya ukubwa ule ni kazi kubwa. Vilevile, kurejea kwake Panathinaikos kama kocha mwaka 2018 kuandikwe pamoja na madeni ya klabu, adhabu ya kunyang'anywa pointi na kikosi kilichojengwa kwa vijana wa akademia, ndipo nafasi ya nane ya msimu wa 2018/19 na ya nne ya msimu uliofuata zipate maana.

Ukocha wa nje ya nchi unaweza kuandikwa kwa ufupi, mradi mashindano yatajwe kwa jina kamili. Akiwa APOEL ya Kupro, Donis alishinda ligi na kombe katika msimu wa 2013/14. Akiwa Al-Hilal ya Saudi Arabia alitwaa Kombe la Mfalme mwaka 2015, na Kombe la Mwanamfalme Mrithi mwaka 2016. Ukiandika "kombe la Saudi" pekee, umeyachanganya mawili hayo.

Kuhusu kuondoka kwenye klabu, tofautisha kujiuzulu, kufutwa kazi, kuvunja mkataba kwa maridhiano na mkataba kumalizika. Usiandike "alifukuzwa" kwa sababu tu timu ilikuwa imefungwa wiki ile. Tafuta tamko la klabu, na usipolipata andika kwamba aliondoka. Mwisho, ikiwa kocha bado yuko kazini, epuka maneno "hadi sasa" na "kwa sasa", ambayo huchakaa haraka. Taja mwezi na mwaka alioanza kazi, na sentensi hiyo itabaki kweli hata atakapokuwa amehamia kwingine.