Maonyo ya kompaila unapojenga e2fsprogs: lipi upite nalo, lipi usimame

Umechomeka diski ya mteja kwenye mashine ya dukani yenye Ubuntu 22.04, ukaendesha e2fsck (programu ya kukagua na kutengeneza mfumo wa faili wa ext4, ule wa kawaida wa Linux), ikakujibu hivi:

```
/dev/sdb1 has unsupported feature(s): FEATURE_C12
e2fsck: Get a newer version of e2fsck!
```

Hapa Ngamiani, Tanga, tunaletewa sana diski za namna hii, hasa na wenye steshenari waliokwisha kuhamia Ubuntu 24.04. Diski haijafa. e2fsprogs ni kifurushi chenye e2fsck na wenzake; toleo la 1.47.0, lililotoka mwaka 2023, ndilo lililoanza kuwasha lenyewe sifa ya `orphan_file` kila linapotengeneza ext4. Ubuntu 22.04 ina 1.46.5, ambayo haiijui sifa hiyo hata kwa jina, ndiyo maana inataja namba tu. Dawa ni kujenga toleo jipya mwenyewe. Kazi ni nyepesi, ila terminali ikianza kumwaga mistari ya `warning:`, yaani maonyo ya kompaila (gcc, inayogeuza msimbo kuwa programu), kijana wa dukani huniita: "Fundi, njoo uone, inalalamika!" Mwongozo huu ni wa kumjibu yeye.

Hatua ya 1: Vifaa na msimbo chanzo

```
sudo apt install build-essential pkg-config
```

Kifurushi cha e2fsprogs kipo kernel.org, kwenye folda ya Theodore Ts'o anayekitunza. Faili ya `.tar.xz` haifiki MB 10, bando halitaumia. Chukua 1.47.0 au la baadaye.

Hatua ya 2: Tazama saa kabla ya yote

Andika `date`. Usiiruke hatua hii. Mashine yenye Windows na Linux pamoja huchanganya saa: Windows huandika saa ya Tanga kwenye bodi, Linux huisoma kama saa ya UTC (saa ya dunia, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu), na kompyuta inajikuta saa tatu mbele. Ukianza kazi, halafu intaneti ikaja kuirekebisha saa katikati, utaona:

```
make: Warning: File 'Makefile' has modification time 10785 s in the future
make: warning: Clock skew detected.  Your build may be incomplete.
```

Sekunde 10,800 ni saa tatu kamili, kwa hiyo ukiona namba inayokaribia hiyo umeshajua mchawi ni nani. Onyo hili halitoki kwa kompaila, na si la kupuuza: make, programu inayoendesha ujenzi, huamua faili gani ijengwe upya kwa kulinganisha tarehe, na tarehe zikivurugika inaweza kuacha vipande vya zamani ndani. Sawazisha saa, futa folda ya ujenzi, anza upya. Kama mashine inasahau saa kila umeme ukikatika, badilisha betri ya CR2032.

Hatua ya 3: Jenga huku ukihifadhi kila mstari

```
tar xf e2fsprogs-1.47.0.tar.xz
cd e2fsprogs-1.47.0
mkdir ujenzi && cd ujenzi
../configure
export LC_ALL=C
set -o pipefail
make 2>&1 | tee ../ujenzi.log
echo $?
```

Bila `pipefail`, jibu la mwisho linakuwa la `tee` (inayohifadhi mistari kwenye faili), si la `make`, nawe utaona 0 hata kama ujenzi umeanguka. Sifuri ya kweli maana yake programu imejengeka. Sasa ndio tusome maonyo.

Hatua ya 4: Yapange kwa aina

```
grep -oE '\[-W[^]]+\]' ../ujenzi.log | sort | uniq -c | sort -rn
```

Mistari mingi itajikusanya kwenye aina chache. Wingi wake usikutishe. Ubuntu huwasha `_FORTIFY_SOURCE` (ukaguzi wa ziada wa usalama) ndani ya gcc yake bila kuulizwa, kwa hiyo msimbo uleule unaweza kupita kimya Debian na kulalamikiwa hapa.

`-Wstringop-truncation` mara nyingi haina neno. Lebo ya ext4 ina nafasi ya baiti 16 kwenye superbloku (bloku yenye maelezo makuu ya mfumo wa faili), na haihitaji sifuri ya kufungia mwishoni, ile ambayo lugha ya C huitumia kujua maneno yameishia wapi. Mteja akiita diski yake `STESHENARI_TANGA`, herufi zinajaa 16 barabara. Kompaila inaona `strncpy` (funksheni ya kunakili maneno) isiyoacha nafasi ya sifuri, inapiga kelele. Haijui kwamba muundo wa diski ndio ulivyopangwa. `-Wimplicit-fallthrough` na `-Wdeprecated-declarations` pia pita nazo.

`-Wunused-result` ndiyo ya kuifungulia faili. Inasema msimbo umeita `write` au `read` bila kutazama jibu. Nenda kwenye mstari uliotajwa uulize: inaandika wapi? Kama ni ujumbe wa skrini au mstari wa maendeleo, hasara yake ni maneno kutoonekana. Kama ni bloku inayokwenda kwenye diski, hilo ni onyo la kweli, kwa sababu diski ikijaa au ikigoma programu itaendelea kana kwamba imeandika. Wanaosema "`unused-result` puuza zote" wanazungumzia programu za kucheza muziki, si za kugusa data za watu.

`-Wimplicit-function-declaration` simama hapo hapo. Kompaila haikuona tangazo la funksheni, ikakisia kwamba inarudisha `int`. Kama kweli inarudisha pointa (anwani ya mahali kwenye kumbukumbu), kwenye mashine ya biti 64 nusu yake inakatwa, na programu itaanguka au, vibaya zaidi, itasoma pasipo pake. Mara nyingi faili ya kichwa (header) yenye tangazo hilo haikujumuishwa. GCC 14 ya mwaka 2024 imelifanya kuwa kosa moja kwa moja, na imefanya vizuri. `-Wint-conversion` nayo ni ya kundi hili.

Hatua ya 5: Jaribu, lakini si kwa diski ya mtu

```
make check
truncate -s 200M jaribio.img
./misc/mke2fs -F -t ext4 -L STESHENARI_TANGA jaribio.img
./e2fsck/e2fsck -fn jaribio.img
```

`make check` inachukua muda, kanywe kahawa. Unataka imalizie na `0 tests failed`. Usiandike `make install`: utagonganisha faili zako na zile zinazosimamiwa na dpkg, msimamizi wa vifurushi wa Ubuntu. Tumia programu papo hapo ilipo ndani ya `ujenzi`.

Hatua ya 6: Diski yenyewe

Hakikisha jina lake kwa `lsblk`, iwe haijapachikwa, kisha:

```
sudo ./e2fsck/e2fsck -fn /dev/sdb1
```

`-n` inasoma tu, haiandiki kitu. Ikilalamikia hesabu za bloku huru peke yake, rudia bila `-n`. Ikitoa maswali yasiyokwisha, au diski inagonga-gonga, weka e2fsck kando na uinakili kwanza yote kwa `ddrescue` (programu ya kunakili diski mbovu), kisha ufanyie kazi ile nakala.