Namna ya kusoma tahadhari ya hali ya hewa kabla ya kuingia ziwani usiku

Jioni katika mialo ya Igombe na Kayenze, wavuvi wa dagaa wakiona anga limetakata na maji yametulia, hupakia taa na nyavu wakaondoka. Mimi ni mtabiri wa hali ya hewa, na nawasihi msikitegemee kipimo hicho, kwa kuwa dhoruba nyingi za Ziwa Victoria huzaliwa ziwani kwenyewe, saa kadhaa baada ya jua kuzama. Usiku nchi kavu hupoa upesi ilhali maji hubaki na joto lake, hivyo upepo huvuma kutoka mwambao wa kila upande kuelekea ziwani. Pepo hizo zinapokutana juu ya maji yenye vuguvugu, hewa yenye unyevu hupanda na kujenga mawingu ya radi, ambayo aghalabu hukomaa kati ya usiku wa manane na alfajiri, wakati mitumbwi imekwisha kufika mbali.

Kwa hiyo, kabla ya kupakia chochote, tafuta taarifa ya siku hiyo ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Neno “angalizo” ni daraja la kwanza, “tahadhari” ni la pili, na “tahadhari kubwa” ndilo la juu kabisa. Usiishie hapo, bali soma pia uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari, kwani hapa ndipo wengi hukosea. Uwezekano ukiwa mdogo na athari ikiwa kubwa, maana yake ni kwamba dhoruba huenda isije, lakini ikija inaweza kuua. Kwa mtumbwi wa mbao usio na sitaha, ushauri wangu siku kama hiyo ni kulala nyumbani.

Mkiwa tayari ziwani, umeme ukimulika hesabu sekunde hadi usikie ngurumo, ukijua kwamba kila sekunde 3 ni kama kilomita 1. Zikiwa 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita 10, na dhoruba inayokwenda kilomita 40 kwa saa itawafikia katika robo saa. Vuteni wavu mara moja na kila mtu avae jaketi la kuokolea, kwani jaketi lililokaliwa kama mto halimwokoi mtu. Kukivuma ghafla upepo wa baridi, na uso wa maji uliokuwa laini ukakunjamana kwa mkanda mweusi unaowajia, huo ndio upepo unaoitangulia mvua. Uacheni wavu, hata kama umejaa, mkaelekee ufukwe ulio karibu zaidi, si lazima uwe mwalo wenu.

Mkifika, msijikinge chini ya mwembe. Ingieni katika nyumba, mkasubiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, na kila inaponguruma tena hesabu hiyo huanza upya.