Jinsi ya Kuandaa Safari ya Kujifunza katika Elimu ya Kale ya Kikristo Nyumbani

Safari ya kujifunza huanza nyumbani, wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Mzazi akiwapeleka watoto mahali pazuri bila kuwapa kwanza maneno ya kulitazamia jambo, watarudi wamefurahi, lakini baada ya mwezi mmoja watakumbuka soda na vitumbua tu.

Elimu ya kale ya Kikristo husimama juu ya sanaa tatu za lugha, yaani sarufi, mantiki na balagha (ufundi wa kujieleza kwa ushawishi), na sanaa nne za idadi, ambazo ni hesabu, jiometri, muziki na falaki, yaani elimu ya nyota. Mwaka 1947, katika hotuba aliyoitoa Oxford, mwandishi Mwingereza Dorothy Sayers alizihusisha sanaa zile tatu za kwanza na umri wa mtoto: mdogo hupenda kukariri, wa kati hupenda kubishana, na mkubwa hutamani kujieleza. Mimi naona mpangilio huohuo unaifaa safari moja: kukariri kabla, kuuliza palepale, kusimulia baadaye.

Kabla sijaeleza kazi yenyewe, nataja jambo la lazima. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 imefanya elimu ya msingi kuwa ya lazima nchini Tanzania, kwa hiyo mzazi anayefikiria kumfundisha mtoto nyumbani siku zote azungumze kwanza na Afisa Elimu Kata wake. Familia yetu hapa Moshi hufanya kazi hii Jumamosi na wakati wa likizo, na ninayoeleza yanatosha katika nafasi hiyo.

Safari ninayoipenda kuliko zote haihitaji nauli. Katika karne ya tatu kabla ya Kristo, Eratosthenes, mzaliwa wa Kirene katika nchi ambayo leo ni Libya, alipima mzingo wa dunia kwa kutumia kivuli. Alijua kwamba adhuhuri ya siku fulani ya mwaka jua huwa wima juu ya mji ambao leo huitwa Aswan, wakati Aleksandria, upande wa kaskazini, kivuli huonyesha pembe ya sehemu moja ya hamsini ya duara. Umbali kati ya miji hiyo ulihesabiwa kuwa stadia 5,000 (stadia ni kipimo cha urefu cha Wagiriki wa kale), naye akauzidisha mara hamsini. Moshi nasi tunalo jua la namna hiyo: karibu na tarehe 12 Machi na 1 Oktoba hupita wima juu yetu, na fimbo iliyosimama sawasawa haina kivuli.

Katika wiki mbili za maandalizi, wafundishe watoto wadogo kukariri Zaburi ya 19, maana ya pembe, duara, mzingo na adhuhuri, na kwamba duara lina nyuzi 360. Wakati huohuo tafuta ndugu au rafiki aliyeko Tunduru, mji ulio karibu kusini moja kwa moja kutoka Moshi, kwa umbali wa takribani kilomita 860 ukipimwa kwa mstari mnyoofu kwenye ramani. Ikiwezekana chagua Oktoba, kwa kuwa mawingu ya Machi yamewahi kutuharibia kazi.

Siku ikifika, kila upande usimamishe fimbo ya mita moja juu ya sakafu iliyo sawa na kuihakiki kwa timazi, ambayo fundi mwashi yeyote wa jirani anaweza kukuazima. Kuanzia saa sita kamili mchana watoto waweke alama ya chaki kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano, hadi saa saba. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho cha adhuhuri ya kweli, ambayo Moshi huja takribani saa sita na dakika ishirini mwezi Oktoba na dakika arobaini mwezi Machi. Mwache mtoto wa umri wa kubishana ajiulize kwa nini haikuwa saa sita kamili, na usimpe jibu kabla hajaiona kwenye ramani longitudo ya 45 mashariki, ambayo saa zetu huifuata, na Moshi iliyo karibu na longitudo ya 37.

Wa Tunduru watapata kivuli cha sentimita 13 hadi 14. Mtoto achore pembetatu yenye kimo cha sentimita 100 na kitako cha urefu huo, aipime pembe ya juu kwa kipimapembe, agawanye 360 kwa pembe hiyo, kisha azidishe kwa 860. Jibu litakaribia kilomita 40,000. Kosa la sentimita moja kwenye kivuli hulihamisha jibu kwa kilomita zipatazo 3,000, na mtoto aliyeligundua hilo mwenyewe hahitaji kuhimizwa tena kupima kwa uangalifu.

Wapo ndugu waumini wanaouliza kwa nini tunajifunza kwa mpagani kama Eratosthenes. Agostino, mwalimu mkuu wa Kanisa la kale, aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo leo ni Algeria na kufundisha balagha kabla ya kuongoka, aliifananisha elimu ya namna hiyo na dhahabu ambayo Waisraeli walitoka nayo Misri. Naliamini neno hilo kwa moyo wote, na huwasomea watoto habari ya Kutoka usiku wa kuamkia kazi hii.

Safari ya pili iwe kwenye mfongo, ule mfereji wa Wachaga unaoleta maji ya mlimani hadi vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba. Waombe ruhusa wazee wanaousimamia, na watoto waamkie kwanza kabla ya kufungua daftari. Kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji, kama ule ambao mafundi huutumia kupata usawa wa msingi, wapime mfongo unashuka kiasi gani katika mita kumi. Ndipo watakapotambua ustadi wa waliouchimba. Nyumbani, mkubwa atetee mbele ya familia hoja ya kuusakafia mfongo kwa sementi, na Jumamosi inayofuata atetee hoja ya kuuacha ulivyo.

Kuhusu kusimulia, tunangoja Jumapili baada ya ibada, bibi yao akiwapo. Kila mtoto husimama bila daftari na kueleza alichokiona, alichokipima na alichokosea, na bibi ana haki ya kuuliza maswali matatu. Asiyeweza kujibu huandika swali hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa maandalizi ya safari inayofuata.