Bango la marekani kwa maandamano

Nairobi, Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipopingwa barabarani, polisi walitumia magari ya kurusha maji. Karatasi ya manila haihimili maji hayo. Msanii anayetaka kuchangia achore kwenye marekani, yaani kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi.

Kata mita 3 kwa 1. Fua kwanza kutoa wanga, la sivyo rangi itabanduka. Maneno yawe machache: USHURU UMEZIDI, mistari miwili, yatosha. Herufi za sentimita 30 husomeka vizuri kutoka mita 35 hivi.

Stensili (kiolezo chenye matundu ya herufi) ikate kwa wembe kwenye filamu kuukuu ya eksirei. Haivimbi kama karatasi. Herufi A, O na D ziachie vidaraja viwili, yaani vipande vyembamba vinavyoshika sehemu ya ndani, kwani bila hivyo tumbo la herufi hudondoka. Tumia rangi ya maji ya ukutani, usiizimue. Chovya sponji, ikamulie gazetini, kisha gongagonga wima. Ukiburuta, rangi hupenya chini ya stensili na ukingo wote unachafuka (karibu kila anayeanza hufanya hivi).

Matundu ya upepo? Hayasaidii sana, na kitambaa huchanikia hapohapo. Afadhali shona mifuko ya miti pembeni, na mti wa tatu katikati. Usikunje kabla rangi haijalala usiku mzima.