Mfadhili Akija na Jezi: Jinsi ya Kuilinda Kamati ya Timu ya Mtaa Isinunuliwe

Uchaguzi ni Agosti 2027 na mwajua vile Mombasa huwa ikikaribia, hakuna kiwanja kitakosa kombe, kuanzia Uwanja wa Mbuzi pale Kongowea mpaka Likoni na Changamwe, kila mheshimiwa na kombe lake na jezi zenye sura yake kifuani, na kila timu yapata patroni mpya ambae mwaka jana hata jina la timu hakuwa akilijua. Sisemi msichukue. Seti moja ya jezi si pesa kidogo, nauli ya kwenda kucheza Kilifi au Voi ni pesa, na mkono mtupu haulambwi. Nasema tu tengenezeni kamati yenu kabla hio pesa haijaingia, manake ikishaingia kila mtu ashakula na hakuna atakaetaka maswali.

Alafu tuelewane kitu kimoja. Watu wakiskia mgongano wa maslahi wafikiria wizi. Mwizi ni rahisi, mtamshika siku moja. Shida ni yule mtu ambae ni mnunuzi na muuzaji kwa wakati mmoja: mweka hazina wa timu alafu duka la jezi ni la shemeji yake, katibu wa mashindano alafu ana timu yake humo humo ndani, anaepanga marefa alafu kijana wake ndie straika. Huyo anaweza kuwa mtu safi kabisa, swala tano hazimpiti, na bado hafai kuamua hilo jambo. Kesi ya nyani hakimu ngedere, itaenda wapi?

Na msikubali lile jibu la "mimi sijavunja sheria". Kampuni ya ISL kule Uswisi ilikuwa ikinunua kwa FIFA haki za Kombe la Dunia, na huku pembeni ikimpa pesa João Havelange, aliyekuwa rais wa FIFA toka 1974 mpaka 1998, pamoja na Ricardo Teixeira, mkubwa wa mpira wa Brazil ambae alikuwa ameoa binti yake. Kampuni ikafilisika 2001, mambo yakaanza kutoka kidogo kidogo, mpaka Havelange akaachia urais wa heshima Aprili 2013. Sasa kituko ni kwamba malipo yale kwa sheria ya Uswisi ya wakati ule hayakuwa kosa la jinai. Yani rais wa FIFA anakula kwa kampuni inayonunua mali ya FIFA, na sheria yamuangalia tu. Kwa hivyo sheria peke yake haiwatoshi, lazima muwe na yenu ya timu.

Anzeni na daftari. La kawaida tu, lile la shilingi mia. Kikao cha kwanza cha msimu kila mwanakamati aandike kwa mkono wake afanya kazi gani, ana biashara gani, nani katika jamaa zake auza kitu ambacho timu hununua (jezi, usafiri, chakula, maji, dawa), ana mkono katika timu gani nyingine, na kuna mwanasiasa gani anamfanyia kazi. Mfano: "Mimi mweka hazina, shemeji yangu ana duka la vifaa vya michezo Mwembe Tayari, sitakaa kwenye kikao cha kununua jezi." Basi, imetosha, wala si aibu. Alafu lisomwe kwa sauti mbele ya wanachama na lipigwe picha litiwe kwenye grupu la WhatsApp, manake daftari likikaa kabatini kwa katibu ni sawa na halipo.

Kuna wale watakuja na kanuni kali ati hakuna kununua kwa jamaa ya mtu. Hio kwa Mombasa haifanyi kazi jamani, ukienda Majengo au Mji wa Kale kila mtu ni binamu ya mtu na asie binamu ameoa huko, mkiweka kanuni kama hio mtabaki na kamati ya watu wawili na hao wawili watagundua mama zao walinyonya ziwa moja. Kanuni iwe ni kusema na kutoka. Na kutoka ni kutoka, mtu ainuke aende nje akanywe kahawa mpaka jambo liamuliwe, si kukaa pale kimya huku amewakodolea macho wenzake. Katibu aandike kwenye kumbukumbu: fulani alitoka, wakaamua wanne waliobaki. Alafu leteni bei za maduka matatu, na kama duka la shemeji ndilo rahisi nunueni kwa shemeji, hakuna neno.

Lakini kusema kuna wakati wake. Wale wafuasi wa Premier League mwakumbuka yaliyowapata Crystal Palace 2025, wamebeba kombe la FA Mei, wajiandaa kwenda Europa League, Julai UEFA, shirikisho la mpira la Ulaya, ikawashusha mpaka Conference League, mashindano ya chini yake, kwa sababu John Textor alikuwa na hisa Palace na pia ndie mwenye Lyon ya Ufaransa, ambayo nayo ilikuwa imefuzu mashindano hayo hayo. Hisa za Palace aliziuza, ndio, ila siku ya mwisho ya kuweka mambo sawa ilikuwa Machi 1 na alikuwa ashachelewa. Wakakata rufaa CAS, mahakama ya michezo ya kimataifa, wakashindwa. Kwenye kombe la mtaa wekeni vivyo hivyo: mtu mmoja timu moja, siku ya mwisho ya kutangaza iwe ile ile ya kusajili timu, na ikigunduliwa baadae kwamba patroni fulani alipa bili za timu mbili, moja itoke. Mkingoja mpaka nusu fainali ndio mulize mtapigana, na sijui kama mtakuwa na kosa.

Zawadi sasa, na hapa ndipo pagumu kwetu kwa sababu sisi kukataa zawadi twaona ni utovu wa adabu. Ahmad Ahmad wa Madagaska alichaguliwa rais wa CAF, shirikisho la mpira la Afrika, 2017, Novemba 2020 FIFA ikamfungia miaka 5, CAS ikaja kuipunguza ikawa miaka 2. Kati ya mambo FIFA iliyoyataja ni kupanga na kulipia safari ya Umra. Niambie Muislamu gani atakataa Umra? Bahasha mtu aweza kuikataa akajisifu nayo, ila zawadi ambayo ukiikataa waonekana huna dini ama huna heshima kwa mkubwa wako, hio yaingia mpaka ndani, na siku ya kura mkono wajiinua wenyewe. Kanuni ya maadili ya FIFA yasema zawadi iwe ndogo ya ukumbusho tu na pesa taslimu hapana, hata kiasi gani. Ichukueni ivo ivo. Soda, mahamri, kanzu ya Idi ya bei ya kawaida, sawa. Kitu kingine chochote kipewe timu, kisipewe mtu, na kiandikwe kwenye lile daftari na jina la aliyekileta.

Pesa yenyewe isiingie kwenye simu ya mtu. Najua mweka hazina wenu ni muaminifu, lakini hata yeye mwamlinda mkimtoa hapo, manake siku mtoto wake akiugua usiku na elfu 30 za timu ziko kwenye M-Pesa yake, atafanya nini? Fungueni akaunti kwa jina la timu, sahihi watatu wasio jamaa, statimenti isomwe kila mwezi. Na mfadhili atie sahihi karatasi moja, ukurasa mmoja watosha: atoa nini, lini, apata nini (jina kwenye jezi, bango, hotuba ya dakika tano siku ya fainali), na nini hapati. Hachagui kocha. Hapangi nani acheze. Hana kura kwenye kamati. Akisema ati hio ni kumdharau, mjue alichokuwa akinunua si jina kwenye jezi.

Na msiegemee mmoja. SportPesa, kampuni ya kamari iliyokuwa ikifadhili ligi kuu yetu, walipoondoka Agosti 2019 kwa ajili ya mvutano wa kodi, ligi ikabaki inaombaomba, akaja BetKing, kampuni nyingine ya kamari, 2020 na mkataba wa miaka mitano wa shilingi bilioni 1.2, mwaka uliofuata naye akaenda zake. Ukitegemea mfuko mmoja, mwenye mfuko ndie mwenyekiti hata kama hajachaguliwa. (Kampuni za kamari zina lao jingine: FIFA yakataza viongozi, marefa na wachezaji kubeti mechi za mpira, kwa hivyo swali hilo nalo liwe kwenye daftari, na mtacheka mkiona watu wanavyoanza kukohoa.)

Pesa ya marefa kila timu itoe sawa kabla ya mechi ya kwanza, ikae kwa mtu asie na timu, yeye ndie awalipe. Mwenyeji wa mechi asimpe refa hata nauli.

Kilichobaki ni kura, na mimi naona hapa ndipo panapofaa kukaliwa macho kuliko hata pesa. Desemba 2, 2010 pale Zurich ni watu 22 tu wa kamati kuu ya FIFA waliochagua nani aandae Kombe la Dunia 2018 na 2022. Walifaa wawe 24 ila wawili walikuwa washasimamishwa baada ya waandishi wa gazeti la Uingereza kujifanya wanunuzi wa kura. Wenzao kadhaa wakaja kufungiwa ama kushtakiwa baadae. Ndio FIFA ikaitoa kura hio kwa kamati ikaipeleka mkutano mkuu, na Juni 2018 kule Moscow Marekani, Kanada na Mexico wakaishinda Morocco 134 kwa 65. Afadhali, ila haijaisha, manake rais wa FIFA achaguliwa na vyama 211, na kila chama kinaweza kupata mpaka dola milioni 8 kwa Forward, mpango wa FIFA wa kuvipa vyama pesa za maendeleo, wa 2023 mpaka 2026. Iko kwenye kanuni, si hongo, lakini mpiga kura angoja hundi kutoka kwa yule yule anaemchagua. Mtaani yatokea kwa ada ya uanachama. Mgombea awalipia vijana arubaini siku moja, wiki mbili kabla ya uchaguzi. Dawa yake: kila mtu alipe ada yake kwa simu yake, usajili wa wapiga kura ufungwe miezi mitatu kabla, na orodha ibandikwe maskani watu waione.

Mkidhulumiwa msikimbilie kwa waziri wala mbunge. Novemba 2021 serikali iliivunja FKF, shirikisho la mpira la Kenya, na Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya mpaka Novemba, na wachezaji ndio walioumia. Andikeni kwanza kwa tawi la FKF, mpate jibu la maandishi, alafu mfuate ngazi za rufaa mpaka lile Jopo la Mizozo ya Michezo lililoundwa kwa Sheria ya Michezo ya 2013. Lina meno, lilifuta uchaguzi wa FKF Desemba 2019 na tena Machi 2020. Timu yenu iwe na cheti cha Msajili wa Michezo kabla ya kwenda, na bebeni nakala ya daftari, kumbukumbu za kikao na statimenti, kwa sababu huko hawatawauliza nani ni mbaya, watawauliza iko wapi karatasi.