Weita wa ukumbi wa chakula ukikabidhiwa na vinywaji

Mikataba mitano ya mwanzo baharini, kwenye meli za watalii, sikuwahi kufungua chupa ya mvinyo. Mimi nilikuwa mtu wa chakula. Vinywaji vilikuwa na wenyewe: mhudumu wa baa aliyezunguka meza kwa meza na trei yake, na somelia, yaani mtaalamu wa mvinyo, aliyekuja na orodha yake ndefu. Mkataba wa sita nikapanda meli nikakuta hao wote hawapo tena ukumbini. Meneja wa ukumbi alitukusanya saa kumi jioni, akatugawia vishikwambi, akasema kuanzia leo meza yako ni yako yote, tangu maji hadi kahawa.

Usiku ule ulinishinda. Nilikuwa na wageni 24, nikachukua oda za vinywaji kama nilivyozoea kumwona yule wa baa akifanya: meza ya kwanza, mbio baa, rudi, meza ya pili, mbio baa, rudi. Nikiwa nasubiri kokteli mbili, supu za meza ya watu wanane zilipoa juu ya kaunta ya jikoni, na msaidizi wangu alikuwa peke yake na wageni wote wanaoinua mikono. Nilirudi kitandani saa saba usiku nikiwa na hakika kwamba kazi hii ni ya watu wawili. Leo nadhani bado ni kazi nyingi, ila inawezekana, na nataka wewe uliyekabidhiwa wiki hii usipitie nilikopitia.

Jambo la kwanza, na kubwa kuliko yote: usiongeze mzunguko mpya kwa ajili ya vinywaji. Vifume ndani ya mizunguko uliyokuwa nayo. Weita wa chakula anapita mezani akileta mkate, akichukua oda, akileta vianzio, akiondoa sahani. Kila mara unapopita, macho yako yawe kwenye glasi kabla ya sahani. Glasi iliyobaki robo inauliza swali. Ukilijibu unapopita, hutahitaji safari nyingine.

Dakika kumi za mwanzo ndizo zinazoamua jioni. Wageni wakikaa, usiwape menyu kwanza. Mtu akishashika menyu hakusikii, anasoma, na ukimuuliza anataka kunywa nini anakwambia subiri kidogo. Karibisha, tandika kitambaa cha mapajani, mimina maji, kisha uliza kinywaji. Ndipo menyu ifuate. Wakati wao wanasoma, baa inachanganya, na msaidizi anapeleka mkate. Hivyo vitu vitatu vinakwenda pamoja na wewe hujakimbia hata hatua moja.

Chukua oda za meza mbili zilizo jirani ndipo utume. Si meza nne: ukikusanya sana, wa kwanza anakauka koo. Andika kwa namba ya kiti, si kwa sura. Kiti namba 1 kiwe kilekile kila usiku, kwa mfano kile kinachotazamana na mlango wa jikoni, kisha hesabu kwa kufuata mwendo wa saa. Ukifanya hivi, msaidizi wako au mwenzako wa meza ya pili anaweza kushika trei na kuweka kila glasi mbele ya mwenyewe bila kuuliza "nani aliagiza bia?" Swali hilo likisikika mezani, mgeni anajua hakuna aliyemsikiliza.

Kwenye kishikwambi, tuma kokteli kwanza kwa sababu ndizo zinazochelewa, halafu mvinyo wa glasi, halafu bia na soda. Na mkubaliane na msaidizi sheria moja isiyovunjwa: mmoja wenu yuko kwenye meza zenu daima. Akienda jikoni, wewe hufiki baa. Kosa langu la usiku wa kwanza lilikuwa hapa hasa.

Trei. Ninyi mmezoea trei kubwa ya begani yenye sahani zilizofunikwa. Ya vinywaji ni mnyama mwingine. Inakaa juu ya vidole vya mkono wa kushoto, vizito katikati, virefu upande wa kifua chako. Tandika chini yake kitambaa chenye unyevu kidogo, glasi hazitateleza meli ikiyumba. Punguza mzigo kwa zamu, moja upande huu, moja upande ule. Mgeni mwema atanyoosha mkono ajichukulie glasi yake mwenyewe ili akusaidie. Mwombe kwa upole aache, kwa sababu uzito ukihama ghafla trei nzima inamwangukia jirani yake. Weka kinywaji kutoka upande wa kulia wa mgeni, ukishika mguu wa glasi, kamwe si mdomo wake. Bahari ikichafuka, panua miguu, legeza magoti, subiri meli imalize kulala upande mmoja ndipo uweke. Usiku kama huo mimina theluthi moja tu ya glasi, hata kama mgeni ni mzoefu.

Barafu ni chakula. Hili weita wengi wa ukumbi hawalichukulii kwa uzito mpaka wakaguzi wapande. Meli zinazopita bandari za Marekani hukaguliwa chini ya mpango wa usafi wa CDC, idara ya afya ya Marekani ya kuzuia magonjwa, kwa alama 100, na ukipata 85 kushuka chini umeanguka. Barafu huchotwa kwa chombo chake, si kwa glasi, si kwa mkono. Glasi ikivunjika karibu na pipa la barafu, barafu yote inamwagwa na pipa linaoshwa, hata kama foleni ni ndefu na unaapa kwamba kipande kilirukia upande mwingine. Kigae cha glasi ndani ya barafu hakionekani.

Sasa mvinyo, ambao ndio uliokuwa ukinitisha. Huhitaji kuwa somelia. Unahitaji kujua chupa kumi na mbili vizuri, basi: nne nyeupe, nne nyekundu, mbili za rangi ya waridi, mbili za mapovu, za bei tofauti. Kwa kila moja jua mambo matatu, ni nyepesi au nzito, ni kavu au ina utamu, na inaendana na sahani gani za menyu ya usiku huo. Menyu za meli huzunguka kwa mpangilio unaojulikana, kwa hiyo unaweza kuandika daftari lako mara moja na likakutumikia mkataba mzima. Mgeni akiuliza chupa usiyoijua, sema, "Ngoja nimuulize anayeijua vizuri," ukamwite mkuu wa weita. Nimewasikia wenzangu wakibuni maelezo mezani, na mgeni aliyekaa kimya pembeni ndiye aliyekuwa mkulima wa zabibu.

Ufunguzi una hatua zake. Onyesha lebo kwa aliyeagiza, taja jina na mwaka wa mavuno, subiri akubali. Kata foili chini ya mdomo wa chupa, futa, ingiza kizibuo katikati, vuta polepole bila kelele. Chupa isitazame mtu. Mimina kidogo aonje. Anaonja ili ajue kama mvinyo umeharibika, na wewe ujue harufu ya ubaya huo: kadibodi iliyolowa. Akikataa, usibishane naye. Chukua chupa, mwite mkuu wako. Akikubali, wamiminie wengine kwanza, yeye awe wa mwisho. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano za mililita 150. Meza ya watu sita ikiagiza chupa moja, fanya hesabu kabla hujaanza kumimina, maana kumfikia mtu wa sita chupa ikiwa tupu ni aibu ambayo yeye ndiye anaibeba.

Mweupe upoe, nyuzi 8 hadi 12; mwekundu nyuzi 16 hadi 18, ambao ni ubaridi kidogo kuliko hewa ya ukumbi uliojaa watu. Kwa hiyo chupa nyekundu iliyokaa karibu na taa za joto za jikoni haifai kupelekwa mezani ilivyo.

Shampeni iheshimu. Ndani ya chupa kuna msukumo wa takriban mara sita ya hewa inayotuzunguka, na kizibo kikikuponyoka kinaweza kumpofua mtu. Ipoe kabisa kwanza. Dole gumba likae juu ya kizibo tangu unapoanza kulegeza waya, na waya huo hulegea kwa nusu mizunguko sita. Inamisha chupa, kishike kizibo kisitembee, zungusha chupa yenyewe. Inatakiwa itoe pumzi ndogo. Mlipuko ni wa sherehe za washindi wa mbio.

Bia, soda, juisi, sina la kuongeza. Fungua mbele ya mgeni, basi.

Habari ya pesa iseme mapema. Wageni wengi wana kifurushi cha vinywaji, yaani vinywaji walivyovilipia kwa pamoja, na kila kifurushi kina mpaka: bei ya juu kwa glasi, kinywaji kimoja kwa mara moja, kutogawana na mwenzako wa kabini. Kwenye meli za kampuni ya Carnival, kwa mfano, kifurushi kinaishia vinywaji 15 vya kileo kwa saa 24. Mgeni akitaja kinywaji kinachovuka kifurushi chake, mwambie hapohapo, kwa sauti ya kumfikia yeye tu. Asiye na kifurushi, kumbuka kwamba juu ya bei inaongezwa bakshishi ya lazima, mara nyingi asilimia 18 au 20. Ndiyo maana sipendi kuona weita akizungukazunguka mezani akisukuma glasi nyingine. Mtu huyu utamhudumia usiku saba. Ukimuuzia asichotaka usiku wa kwanza, sita zilizobaki atakuwa anakukwepa macho.

Umri usiukadirie kwa uso. Soma kadi yake ya meli. Safari nyingi zinazoanzia Marekani zinataka miaka 21, na nyingi za Ulaya 18. Mzazi akisema "mpe tu mwanangu, niko hapa," jibu ni hapana, na mwambie kwamba kadi ya kijana ndiyo inayokataa, hivyo hakuna anayevunjiwa heshima.

Kuna mama mmoja nilimtolea orodha ya mvinyo usiku tatu mfululizo. Kila mara alitabasamu, akaagiza maji yenye gesi. Usiku wa tatu mumewe alinifuata karibu na mlango, akaniambia taratibu kwamba mkewe ana mwaka mmoja tangu aache pombe, na kwamba kila ninapoufungua ule ukurasa anapigana vita upya. Niliumia sana. Tangu siku hiyo nauliza, "Niwaletee nini cha kunywa?", bila kutaja kileo, na aliyekataa mara moja simrudii. Glasi zake za mvinyo naziondoa pamoja na za meza nzima ninapopanga upya, bila neno, na maji yake namletea kwenye glasi nzuri yenye mguu mrefu na kipande cha ndimu. Wapo wasiokunywa kwa imani, kwa dawa, kwa ujauzito ambao hawajautangaza. Sababu si yako kuijua.

Na kumzuia aliyezidisha sasa ni kazi yako pia. Zamani yule wa baa alikuwa akiona. Leo wewe ndiye jicho pekee. Baharini mwendo wa mtu haukuambii kitu, maana meli ikiyumba sote tunapepesuka. Tazama mikono inayokosa glasi, sikiliza sauti inayopanda, hadithi ileile mara ya tatu. Kumbuka amekuja kutoka kwenye bwawa la kuogelea, na hujui alianza saa ngapi. Peleka maji na mkate bila kuombwa, chelewesha glasi inayofuata, leta chakula haraka. Kahawa haimtoi mtu ulevi. Ini linahitaji saa zake. Ikibidi kukataa, usikatae mbele ya meza. Mwite mkuu wa weita, mjulishe na barman ili mgeni asipate kwingine ulichomnyima.

Jambo moja kwa ajili yako mwenyewe. Vinywaji huja na glasi za kung'arisha, chupa za kuhesabu, oda za kulinganisha, na vyote hivi hutokea baada ya wageni kuondoka. Ziandike saa hizo. Mkataba wa kimataifa wa Kazi za Baharini wa 2006 unakupa mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku saba. Karatasi yako ya saa ikionyesha kazi ya jana wakati umeongezewa kazi ya leo, hakuna atakayejua kwamba umechoka, na hakuna atakayekuongezea msaidizi. Andika ukweli, hata kama mkuu wako anakunja uso.

Kabla hujazima taa za meza zako, chupa ambazo hazikuisha zizibe, ubandike namba ya kabini na tarehe, uzipeleke kwenye friji au rafu yake. Linganisha kila kinywaji kilichotoka na kilichoandikwa, ukiwa bado unakumbuka nani alikaa wapi. Kisha daftari. Langu la jana lina mistari minne tu: meza 47, kiti 3, maji bila barafu, kiti 5, nusu chupa nyekundu imebaki, meza 48, kiti 1, asiulizwe tena, kiti 6, kesho ni siku yake ya kuzaliwa, hapendi kuimbiwa.