Namna Halmashauri Inavyoweza Kupunguza Athari Zake kwa Mazingira kwa Kuanzia Kwenye Ankara

Mwezi Desemba 2016 halmashauri ya Darebin, iliyo katika eneo la Melbourne nchini Australia, ilitangaza hali ya dharura ya tabianchi, na hutajwa kuwa ya kwanza duniani kufanya hivyo. Tangu hapo mamia ya mabaraza ya madiwani katika nchi mbalimbali yamepitisha maazimio ya namna hiyo. Azimio halina ubaya, lakini ndilo jambo jepesi kuliko yote, kwa kuwa halihitaji fungu la bajeti wala halimlazimu mkuu yeyote wa idara kubadili anachokifanya Jumatatu asubuhi. Mwongozo huu unawahusu madiwani na maofisa wanaotaka kuanza kazi yenyewe, na msimamo wake ni kwamba mazingira huhifadhiwa na halmashauri kupitia vitabu vya hesabu, mikataba na zabuni, na kwamba juhudi hizo hufifia zinapoachiwa ofisi moja ndogo yenye mabango mazuri na isiyo na fedha.

Kukusanya ankara kabla ya kuandika mpango

Hatua ya kwanza ni kukusanya ankara zote za umeme, maji na mafuta za miezi 12 iliyopita, na ikiwezekana za miaka mitatu, kisha kuoanisha kila namba ya mita na jengo, pampu au mstari wa taa inaouhudumia. Kazi hii inachosha, na mara nyingi hakuna anayetaka kuifanya, lakini ndiyo inayofichua mambo: mita ya jengo lililokwisha kupangishwa huku halmashauri ikiendelea kulipa, mita inayokadiriwa tu bila kusomwa, gari lililopaki kwa miezi kadhaa huku kadi yake ya mafuta ikiendelea kutumika. Fedha zinazookolewa hapa huwa za kwanza kupatikana, na hupatikana bila kununua kifaa chochote.

Baada ya hapo huchaguliwa mwaka wa msingi, yaani mwaka ambao takwimu zake zitalinganishwa na za miaka ijayo. Mwaka 2020 haufai, kwa sababu ofisi na shule nyingi zilifungwa kutokana na janga la korona na matumizi yakashuka kwa sababu zisizohusiana na juhudi zozote. Vilevile haufai mwaka ambao matumizi yalipanda kupita kawaida, hata kama utawapendezesha wakubwa kwa kufanya kila kinachofuata kionekane kama mafanikio. Wastani wa miaka mitatu ya kawaida ni salama zaidi.

Wakati wa kuhesabu gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto la dunia, ni lazima kutenganisha kile ambacho halmashauri yenyewe inakitoa na kile kinachotolewa na wakazi, viwanda na magari ya eneo lake lote. Kundi la kwanza lina sehemu tatu zinazotumika kimataifa: mafuta yanayochomwa katika magari, jenereta na mitambo ya halmashauri, umeme inaonunua, na yale yanayotokea kwa niaba yake mahali pengine, kama vile malori ya wakandarasi na utengenezaji wa saruji inayojenga barabara zake. Kundi la pili ni kubwa zaidi kwa mbali, lakini halmashauri huligusa kwa sheria ndogo, mipango miji na ushawishi, si kwa kuzima swichi. Ripoti inayochanganya makundi haya mawili humwezesha kila mtu kudai sifa za kitu ambacho hakukifanya.

Kusoma mita usiku

Kabla ya kumwita mtaalamu wa nishati, mlinzi wa jengo anaweza kupewa kazi ndogo. Asome mita ya umeme saa nne usiku wakati hakuna mtu ofisini, kisha aisome tena saa kumi na moja alfajiri, na aandike namba zote mbili kwenye daftari. Tofauti kati yake ni umeme ambao jengo limeutumia bila kumhudumia yeyote. Jengo la ofisi likionekana kutumia usiku theluthi moja ya kiasi linachotumia mchana, basi kuna viyoyozi visivyozimwa, hita za maji zinazochemka bure, au taa za korido zinazowaka hadi asubuhi, na orodha ya mambo ya kurekebisha hujiandika yenyewe mtu anapozunguka vyumba hivyo na tochi.

Maji hupimwa kwa mantiki hiyohiyo. Kati ya saa nane na saa kumi usiku matumizi halali huwa madogo kabisa, kwa hiyo maji yanayopita kwenye dira, yaani mita ya maji, wakati huo kwa sehemu kubwa ni yanayovuja. Pale halmashauri inapoendesha pia huduma ya maji, kipimo hiki hufanywa eneo moja baada ya jingine, na eneo ambalo mtiririko wake wa usiku uko juu ndilo linalopelekewa mafundi kwanza. Kuziba mivujo ni hatua ya kuhifadhi maji na umeme kwa pamoja, kwani kila lita inayopotea ilishasafishwa na kusukumwa kwa pampu.

Taa za barabarani zinastahili kutajwa kwa sababu katika miji mingi ni miongoni mwa matumizi makubwa ya umeme ya halmashauri. Kubadilisha taa za sodiamu kwa taa za LED kwa kawaida hupunguza umeme kwa nusu hivi, na zaidi ya hapo zinapofifishwa usiku wa manane. Hata hivyo, taa zinazowaka mchana kweupe zinaweza kurekebishwa hata kabla ya mradi huo kuanza. Mara nyingi kosa ni kihisi cha mwanga kilichoharibika au kilichofunikwa na vumbi, na kukifikia na kukifuta huhitaji ngazi na kitambaa tu.

Taka, mahali ambapo kuna faida kubwa

Kwa halmashauri inayozoa taka na kumiliki dampo, hakuna eneo lenye uzito zaidi ya hili. Taka zinazooza zikifukiwa mahali pasipo na hewa hutoa methani, gesi ambayo nguvu yake ya kuongeza joto ni takriban mara 28 ya hewa ukaa ikipimwa kwa kipindi cha miaka 100, na takriban mara 80 kwa kipindi cha miaka 20. Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya mwaka 2018, ilikadiria kuwa mabaki ya vyakula na majani ni asilimia 44 ya taka za miji duniani, na katika nchi za kipato cha chini yanazidi nusu. Maana yake ni kwamba halmashauri inayohangaika na chupa za plastiki peke yake imeacha mzigo mkubwa zaidi bila kuugusa. Sisemi plastiki isishughulikiwe, kwani inaziba mifereji na kuleta mafuriko. Nasema mizani isimame sawa.

Takwimu za wengine hazitoshi kupanga huduma, hivyo taka za eneo husika zipimwe. Utaratibu wake si mgumu: mzigo wa lori humwagwa kwenye turubai, huchanganywa kwa koleo, hugawanywa mafungu manne, na sampuli ya kilo 100 hivi huchukuliwa, hutenganishwa kwa mkono na kila aina kupimwa peke yake. Wafanyakazi wavae glavu nene, viatu vigumu na barakoa, kwa sababu sindano na vioo vilivyovunjika havikosekani. Zoezi lifanywe kwa wiki nzima, katika mitaa yenye vipato tofauti, na lirudiwe katika msimu mwingine wa mwaka, kwa kuwa mvua hubadili uzito wa taka na mavuno hubadili kilichomo ndani yake.

Kisha yafuate maamuzi ya huduma. Mji wa Ljubljana, makao makuu ya Slovenia, ulipanua ukusanyaji wa taka zilizotenganishwa nyumba kwa nyumba huku ukipunguza mara ambazo taka mchanganyiko huzolewa, na hivyo kumpa mkazi sababu ya kutenganisha: ndoo ya taka zinazooza huondolewa mapema, ile ya mchanganyiko husubiri. Huo ni mfano unaoweza kuigwa kwa urahisi kuliko ule wa Kamikatsu, kijiji cha Japani kilichotangaza mwaka 2003 kwamba kitaondokana na taka na ambacho wakazi wake hutenganisha makundi zaidi ya 40. Kamikatsu ina watu wachache sana na ukaribu wa kijamii ambao mji mkubwa hauna. Makundi mawili au matatu yanayofuatwa na wengi yana faida kuliko makundi mengi yanayofuatwa na wenye moyo tu.

Mboji inayotengenezwa kwa matuta makubwa inahitaji joto na hewa. Kanuni za Marekani za kuua vimelea katika matuta ya wazi hutaka joto la nyuzi 55 za Selsiasi au zaidi kwa siku 15, na tuta ligeuzwe angalau mara tano katika muda huo. Kipimajoto kirefu cha kuchomeka ndani ya tuta ni muhimu kuliko mashine yoyote ya bei kubwa. Tuta likinuka vibaya, kwa kawaida limelowa kupita kiasi au limekosa hewa, na dawa yake ni kuongeza majani makavu au vipande vya mbao na kuligeuza. Mnunuzi wa mboji atafutwe kabla ya tuta la kwanza kulundikwa, hata kama mnunuzi huyo ni idara ya bustani ya halmashauri yenyewe.

Palipo na waokota taka, mpango uwahesabu tangu mwanzo. Katika mji wa Pune nchini India, ushirika wa waokota taka una makubaliano na mji tangu mwaka 2008 ya kukusanya taka milangoni mwa nyumba, na wanachama wake hulipwa ada na wakazi. Halmashauri inayowafukuza watu hawa dampo ili kuleta mkandarasi hupoteza mtandao wa urejelezaji ambao haikuugharimia hata kidogo.

Mikataba ndiyo sera yenyewe

Mkandarasi anayelipwa kwa kila tani anayofikisha dampo ana sababu zote za kutaka taka ziongezeke, na semina za utenganishaji hazitabadilisha hilo. Mkataba mpya umlipe kwa idadi ya nyumba zilizohudumiwa, pamoja na nyongeza kwa tani zilizoelekezwa kwenye mboji na urejelezaji. Tahadhari kubwa zaidi inahitajika kwa mikataba ya miongo kadhaa ya mitambo ya kuchoma taka, ambamo halmashauri huahidi kiwango cha chini cha tani na kulipa hata isipokifikisha. Ikisainiwa, kila hatua ya kupunguza taka inakuwa hasara.

Katika manunuzi mengine, nyaraka za zabuni ziombe gharama ya kifaa kwa maisha yake yote, yaani bei, umeme au mafuta yatakayotumika, matengenezo na uondoaji wake, badala ya bei ya kununulia peke yake. Pampu iliyo rahisi siku ya zabuni inaweza kuwa ghali kuliko zote ifikapo mwaka wa tatu. Upandaji miti nao uandikiwe mkataba wa kumwagilia na kulinda kwa miaka miwili au mitatu, na malipo yafuate idadi ya miti iliyo hai, wala si mashimo yaliyochimbwa.

Kuzuia akiba isimezwe

Idara ikipunguza matumizi ya umeme na bajeti yake ikakatwa kwa kiasi hichohicho mwaka unaofuata, haitafanya hivyo tena. Mji wa Stuttgart, Ujerumani, ulilitatua jambo hili mwaka 1995 kwa kuanzisha mfuko wa ndani: idara inayotaka kuboresha jengo hukopeshwa mtaji, hurejesha kutokana na kilichopungua kwenye ankara, na fedha zilizorejeshwa huhamia mradi unaofuata. Mfuko mdogo hutosha kuanza, mradi tu uanze na miradi inayolipa haraka, na uwe na akaunti ambayo haiwezi kuchotwa kwa dharura nyingine.

Ahadi na taarifa

Lengo likitangazwa, lisitegemee kitu kimoja kilicho nje ya uwezo wa halmashauri. Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, iliahidi mwaka 2012 kwamba itafuta utoaji wake wa kaboni ifikapo mwaka 2025, lakini mwaka 2022 ilikiri kuwa haitafikia, baada ya mtambo wake wa kuchoma taka kukosa fedha za serikali za kunasa kaboni kabla haijatoka hewani, ingawa utoaji wa mji ulikuwa umeshuka sana. Malengo madogo ya mwaka mmoja mmoja, kila moja likiwa na jina la mkuu wa idara anayewajibika, husaidia kuliona tatizo la aina hiyo mapema.

Taarifa itolewe kila robo mwaka, ukurasa mmoja au miwili, ikionyesha uniti za umeme, mita za ujazo za maji, lita za mafuta na tani za taka ikilinganishwa na robo kama hiyo ya mwaka wa msingi. Iwasilishwe katika kikao kilekile kinachojadili mapato na matumizi, na isomwe na mweka hazina badala ya ofisa mazingira, ili maswali ya madiwani yaelekezwe kwa mtu anayeshika kalamu ya malipo. Daftari la mita na majedwali yake yabaki kuwa mali ya ofisi na yakabidhiwe kwa maandishi kila ofisa anapohamishwa.